Miamba geu: inavyotokea, na jinsi ya kuipanga mwenyewe hatua kwa hatua

Ukipanda basi la Dar kwenda Arusha, milima unayoiona dirishani kuanzia Korogwe, Mombo, Same mpaka Mwanga, yaani Usambara na Pare, karibu yote ni miamba geu, alafu ukikaribia Moshi mambo yanabadilika ghafla, pale ni mawe ya volkano ya Kilimanjaro. Watu wanaitazama yote kama milima tu. Kumbe mwamba wa Pare ulishawahi kuwa chini ya ardhi kilomita 30 na kitu, kwenye joto la nyuzi 800 hivi, hiyo ni zaidi ya miaka milioni 600 iliyopita, ukabanwa huko ukabadilika ukapanda tena juu. Kilimanjaro kwa umri huo bado mtoto, hana hata miaka milioni 3.

Mwongozo huu ni kwa yule anayetaka kushika jiwe mkononi na kusema ni nini bila kubahatisha. Mwanafunzi wa jiografia, mchimbaji mdogo, fundi wa mawe, au mtu anayependa tu kujua. Na naomba ukubali kitu kimoja kabla hatujaanza: jina la mwamba linakuja mwisho. Wengi wanakimbilia jina, "hii shisti", "hii graniti", afu wanatafuta sababu za kulitetea. Fanya kinyume, mwamba geu una maswali matatu tu, ulikuwa nini zamani, ulibanwa vipi, na joto lilifika wapi. Ukiyajibu hayo jina litakuja lenyewe, na hata lisipokuja utakuwa unajua kitu chenye maana zaidi ya jina.

Unatokeaje

Mwamba geu ni mwamba wowote uliobadilika ukiwa bado mgumu. Tope lililoganda, mchanga, chokaa, lava, graniti, hata mwamba geu mwingine, vyote vinaweza kugeuka tena. Neno la muhimu hapo ni "ukiwa mgumu". Chukua tofali la udongo, likitoka tanuruni halirudi kuwa tope hata ulimwagie maji mwaka mzima, limebadilika ndani kabisa, lakini hakuna dakika hata moja lilipokuwa uji. Mwamba geu ni hivyo hivyo. Ukiyeyuka wote umeshatoka kwenye kundi hili, umekuwa magma, na ukiganda utaitwa mwamba moto.

Vinavyobadilisha ni vitatu, joto, mgandamizo na maji, na vyote vinahitaji muda mrefu sana.

Joto kwanza. Kwenye ganda la kawaida la bara kila kilomita unayoshuka inaongeza nyuzi kama 25 hadi 30, kwa hiyo ukifika kilomita 7 au 8 uko kwenye nyuzi 200 na hapo ndo mabadiliko yanaanza kuonekana. Joto likiwa dogo kuliko hilo tunasema tu mashapo (tope na mchanga uliotuama) yanaganda. Mwisho wa juu unategemea maji, mwamba wa aina ya graniti wenye maji unaanza kuyeyuka karibu na nyuzi 650 hadi 700, mkavu unavumilia zaidi ya hapo, ndo maana miamba ya Pare na Uluguru ilifika 800 na bado tunaiita geu.

Mgandamizo una sura mbili na hapa watu wanachanganya sana. Kuna ule wa uzito wa miamba iliyoko juu, unabana pande zote sawa, kama kilobar 1 kwa kila kilomita 3.7 hivi, na kilobar 1 ni karibu mara 1000 ya mgandamizo wa hewa tunayopumua. Huo unafanya madini yawe mazito na yaliyoshikana. Alafu kuna mgandamizo wa upande mmoja, mabamba ya dunia yanaposukumana, huo ndo unaolaza madini yote mwelekeo mmoja na kuupa mwamba zile tabaka zake. Kumbuka tofauti hii, tutaitumia kwenye hatua ya tatu.

Maji nayo. Udongo una maji ndani ya madini yake yenyewe, sio yale ya kukauka juani, na mwamba ukipata moto yanatoka kidogo kidogo, yanapita kwenye nyufa na katikati ya chembe, yanabeba vitu kutoka hapa kwenda pale. Bila maji hayo mabadiliko yanaenda polepole mno. Na hili linajibu swali ambalo wajanja huwa wanauliza, kwamba kama mwamba ulibadilika ukishuka, mbona haukurudi kuwa tope ulipopanda? Kwa sababu maji yalishaondoka. Madini ya joto kali yanapopanda juu yanakosa maji ya kurudi nayo nyuma, na ubaridi unayapunguzia kasi, basi yanabaki vile vile na sisi tunayakuta.

Wapi yanatokea

Eneo linasema mengi kabla hujainama kuokota jiwe. Majina mageni ya miamba utakayokutana nayo hapa usihofu, mengi yanaelezwa kwenye hatua za mbele.

Aina kubwa kuliko zote ni ya kimkoa, mabara mawili yakigongana na kukunja miamba kwa mamia ya kilomita. Huku kwetu mfano mkubwa ni Ukanda wa Msumbiji, jina alilolitumia mjiolojia Mwingereza Arthur Holmes mwaka 1951, unaopita Msumbiji, mashariki mwa Tanzania, Kenya (Taita, Kitui, Machakos) na kuendelea kaskazini. Ulitokea bara kuu la Gondwana lilipokuwa linaungana, kati ya miaka milioni 650 na 550 iliyopita hivi. Karibu kila kito cha rangi unachosikia kinatoka mashariki mwa Tanzania na kusini mwa Kenya, tanzanaiti, tsavoraiti, rubi ya Longido, spineli ya Mahenge, kimetoka kwenye mgongano huo.

Ukienda Kagera, Rwanda, Burundi na kusini magharibi mwa Uganda uko kwenye ukanda mwingine, wa Karagwe na Ankole. Huko miamba haikuchomwa sana, utakuta filaiti, shisti na matuta marefu ya kwatzaiti, na yale matuta yamebaki juu kwa sababu kwatzaiti haitaki kumomonyoka wakati ile laini ya pembeni imeshakwisha. Geita na maeneo ya Ziwa ni ya zamani zaidi, miaka bilioni 2.6 na kuzidi, lava za kale zilizogeuka kijani kwa joto la wastani, na dhahabu imo humo humo.

Aina ya pili ni ya mguso. Magma inaingia kwenye mwamba baridi, inauchoma kuanzia mita chache mpaka kilomita moja au mbili kuzunguka, hakuna kubanwa sana kwa hiyo hakuna tabaka. Panda Hill kule Mbeya, magma ya kaboneti ilipoingia kwenye naisi, haikuchoma tu, ilitoa vimiminika vyenye sodiamu na potasiamu vikabadilisha hata vitu vilivyomo ndani ya mwamba wa jirani.

Ya tatu ni kwenye mipasuko, mwamba unasagwa unavutwa, unapata mailonaiti yenye mistari myembamba sana. Ya nne ni pale bamba la bahari linapozama chini ya jingine, mgandamizo mkubwa ila joto dogo, kwa sababu bamba linashuka haraka kuliko linavyopata moto. Ndugu zetu walioko Oman wanaweza kuiona hii kwa macho, pale As Sifah karibu na Muscat kuna ekilojaiti (mwamba wa mgandamizo mkubwa mno, utaukuta hatua ya 7) ufukweni, na milima myeusi ya huko ni mwamba wa chini ya bahari ambao sehemu kubwa umeingiliwa na maji ukawa serpentinaiti. Tanzania nayo ina ekilojaiti zake kwenye ukanda wa Usagara, zina umri wa miaka bilioni 2 hivi, ni kati ya ushahidi wa zamani sana duniani kwamba mabamba yalikuwa tayari yanazama enzi hizo. Kuna na ya kugongwa na kimondo, kama Vredefort Afrika Kusini, lakini hiyo ni nadra, usiipe kipaumbele ukiwa unatembea Morogoro.

Vifaa

Nyundo ya kichwa kizito, lensi ya mkono ya kukuza mara 10, kisu cha chuma au msumari, kipande cha kioo, sumaku, na chupa ndogo ya siki. Ukipata asidi ya haidrokloriki iliyochanganywa mpaka asilimia 10 ni bora zaidi ila ishike kwa adabu, na asidi unaimimina kwenye maji, usimimine maji kwenye asidi. Miwani ya kukinga macho sio mapambo, kwatzaiti ikipasuka inarusha vipande vikali kama wembe.

Na kabla ya kupiga nyundo jua uko ardhi ya nani. Ndani ya hifadhi hauokoti kitu, kwenye eneo lenye leseni ya mtu unaomba, na Mererani ndo usijaribu kabisa, kule kuna ukuta toka 2018.

Hatua ya 1: pata uso mpya

Jiwe lililolala juani miaka mingi linadanganya. Nje limepata kutu, ukungu, rangi ya udongo. Vunja upate uso ambao haujaguswa na mvua, loanisha kidogo na maji, afu uangalie kwa lensi. Lensi unaibandika karibu na jicho na jiwe ndo unalisogeza, sio kinyume chake.

Hatua ya 2: hakikisha ni mwamba geu kweli

Una vitundu vya hewa? Huo ni wa volkano, ndo mawe ya Arusha na Moshi. Una kokoto za mviringo zilizogandishwa, au magamba ya konokono yaliyo kamili? Huo ni mashapo. Chembe kubwa za rangi mbili tatu zimelala ovyo bila mpangilio? Huo pengine ni graniti, kama yale mawe makubwa ya Mwanza.

Shida iko kwenye mashapo yenye tabaka na mwamba geu wenye tabaka. Tabaka za mashapo zinatofautiana kwa ukubwa wa chembe, huku mchanga, huku tope. Tabaka za mwamba geu zinatokana na madini yaliyolala au yaliyojitenga, na chembe zimefumana, huwezi kuzikwangua kwa kucha. Jiwe la mchanga la kawaida ukilidondoshea tone la maji linanyonywa, kwatzaiti inaliacha juu.

Hatua ya 3: una tabaka za kulala au hauna

Hii ndo hatua mama, hapa unaigawa miamba geu yote mara mbili. Ule mgandamizo wa upande mmoja unafanya madini bapa kama ulanga (maika, yale magamba yanayometameta) na kloraiti (ya kijani) yaote yakiwa yamelala, uso wake ukitazama upande ule unaosukuma. Zungusha jiwe kwenye mwanga. Likimetameta upande mmoja na kuzima upande mwingine, lina tabaka za kulala.

Ukiona zipo, angalia ukubwa wa chembe, hapo utapanda ngazi moja moja kutoka tope.

Sleti. Chembe hazionekani hata kwa lensi, jiwe linapasuka bapa bapa nyembamba, rangi ya kijivu au nyeusi. Ukiligonga linalia kwa sauti kali, wakati tope lililoganda la kawaida linatoa mlio mzito uliokufa. Na angalia hili, sleti inaweza kupasuka kwa kukata tabaka zake za zamani za mashapo, utaona mistari hafifu ya rangi inaenda huku na mpasuko unaenda kule. Ukiliona hilo umeshathibitisha kuna mgandamizo uliopita hapo baadaye.

Filaiti. Bado chembe ni ndogo ila uso wote una mng'ao wa hariri na mara nyingi umejikunja vimawimbi. Watu wa Karagwe mnaijua hata kama hamjui jina.

Shisti. Sasa ulanga unauona kwa macho makavu, unabanduka kwa kucha, na jiwe linamong'onyoka kwa magamba. Humu ndo ganeti nyekundu za mviringo zinapenda kukaa, na ukiona magamba ya ulanga yamejipinda kuizunguka ganeti, ujue ganeti ilishakuwepo wakati mwamba bado unabanwa.

Naisi. Mistari ya weupe na weusi, weupe ni kwatzi na felspa, weusi ni biotaiti (ulanga mweusi) au honiblendi (madini meusi ya vijiti). Haipasuki bapa tena kwa sababu ulanga umepungua. Usambara, Pare, Uluguru na Taita utaikuta kila mahali. Hata kaunta za jikoni zinazouzwa kama graniti, ile yenye mawimbi mawimbi mara nyingi ni naisi, kwa fundi haina tatizo lolote, ni ngumu vile vile, lakini wewe usiandike graniti.

Migmataiti. Naisi iliyoanza kuyeyuka, sehemu nyeupe zimetiririka na kujikunja zikaganda tena. Nusu geu nusu moto. Ukibishana na mwenzako hapa mnaweza mkawa sahihi wote wawili.

Kuna mtego mmoja. Naisi na graniti zinaweza kuwa na madini yale yale kwa kiasi kile kile, tofauti ni mpangilio tu. Na jiwe likiwa dogo mkononi mistari ya naisi pana huwezi kuiona, kwa hiyo rudi nyuma uangalie mwamba wote ulipo kabla ya kuhukumu.

Hatua ya 4: kama hauna tabaka

Hapa kinachoamua ni mwamba umetengenezwa na nini, kwa sababu madini kama kwatzi na kalsaiti sio bapa, hata ukibanwa vipi hauonyeshi.

Jaribu kioo kwanza. Kwangua kioo kwa kona ya jiwe. Kikichanika kabisa na jiwe liko gumu linang'aa kidogo, ni kwatzaiti, ugumu wake ni 7 kwenye kipimo cha Mohs cha 1 hadi 10. Angalia kwa lensi, ufa umepita katikati ya chembe za mchanga badala ya kuzizunguka, hiyo ndo alama yake kuu. Rangi usiitegemee, kuna nyeupe, ya waridi, ya kijani.

Kioo kikibaki salama na kisu kinachana jiwe kirahisi, dondosha asidi. Likitoa povu ni marumaru, ya kalsaiti, ugumu 3. Lisipotoa povu usikate tamaa, kwangua upate unga kidogo afu dondosha tena juu ya unga, likichemka polepole hiyo ni marumaru ya dolomaiti. Siki inafanya kazi pia ila uwe na subira na uangalie kwa lensi, povu lake ni dogo. Kosa linalojirudia kila siku ni kuamua kwa rangi, jeupe basi marumaru, na jeupe hilo hilo linakwangua kioo! Marumaru safi ilikuwa chokaa safi. Ikiwa na mistari ya kijani, chembe za rangi au kinywe (grafiti, madini meusi ya kaboni), chokaa ile ilikuwa na tope na udongo ndani yake na vimejibizana kwenye moto. Spineli za Mahenge zinatoka kwenye marumaru ya namna hiyo, ndo ile fuwele kubwa ya kilo 52 iliyopatikana Ipanko mwaka 2007.

Jeusi, zito, linapasuka kwa kona kali, chembe hazionekani, na liko karibu na mwamba moto ulioingia? Honfelsi, tope lililochomwa bila kubanwa. Kijani iliyoteleza kama imepakwa sabuni, kisu kinachana? Serpentinaiti. Jeusi tii lenye vijiti vya honiblendi na vidoa vyeupe vya felspa ni amfibolaiti, hiyo wakati mwingine ina tabaka na wakati mwingine haina, usishangae.

Hatua ya 5: ulikuwa nini kabla

Moto haubadilishi sana viambato, ukiacha maji na kaboni dioksidi vinavyotoka. Kwa hiyo viambato ndo kumbukumbu. Ulanga mwingi, ganeti, kayanaiti: ulikuwa tope. Kwatzi tupu: mchanga. Kalsaiti: chokaa. Honiblendi, epidoti, kloraiti na kijani kingi: lava ya basalti au ndugu zake. Felspa na kwatzi kwa wingi, umefanana kilomita nzima: pengine graniti. Naisi iliyotoka kwenye mashapo inaitwa paranaisi, iliyotoka kwenye graniti ni othonaisi, ila usiyatumie majina hayo mpaka uwe na hakika.

Mererani ni darasa zuri hapa. Ile naisi ya kinywe ukiishika inakuacha na vidole vyeusi, na kinywe ni kaboni. Kaboni yote hiyo imetoka kwenye viumbe waliokufa wakazama kwenye tope la chini ya bahari isiyo na hewa, na tope la aina hiyo linakusanya metali iitwayo vanadiamu kutoka majini. Pembeni yake kulikuwa na tabaka za chokaa. Mabara yakagongana, tope likawa naisi, chokaa ikawa marumaru, kalsiamu ya upande mmoja ikakutana na alumini na silika za upande mwingine, na vanadiamu ikatia rangi. Ikijipanga kama ganeti ukapata tsavoraiti, ikijipanga kama madini yaitwayo zoisaiti ukapata tanzanaiti, iliyogunduliwa 1967. Tanzanaiti nyingi zikitoka chini ni za kahawia, zinapashwa moto kama nyuzi 500 ndo zinakuwa bluu. Kwa hiyo wachimbaji wanaofuata kinywe hawafuati ushirikina, wanafuata tope la kale, hata wasipoliita hivyo.

Hatua ya 6: joto lilifika wapi

Mjiolojia George Barrow, kwenye kazi aliyoichapisha 1893, alitembea milima ya Scotland akiangalia miamba iliyokuwa tope, akaona madini yanajitokeza kwa zamu kadiri unavyoelekea kwenye moto zaidi: kloraiti, biotaiti, ganeti, staurolaiti, kayanaiti, mwisho silimanaiti. Ngazi hii bado inatumika. Unaangalia lipi ni la juu kabisa kwenye jiwe lako, hilo ndo daraja lake. Kloraiti ni joto dogo, silimanaiti ni zaidi ya nyuzi 600. Ila inafanya kazi kwa miamba ya tope tu, usiipeleke kwenye marumaru.

Yapo madini matatu yenye viambato vile vile kabisa, andalusaiti, kayanaiti na silimanaiti, yanatofautiana kwa hali tu. Mgandamizo mdogo unakupa andalusaiti, mkubwa kayanaiti, joto kali silimanaiti, na yote matatu yanakutana karibu na nyuzi 500 na kilobar 4. Kayanaiti ina kipimo kitamu sana cha mkononi: ni vipande virefu vya bluu, kisu kinakwangua ukienda kwa urefu, ukikatiza kwa upana kinagoma. Sijui madini mengine ya kawaida yanayofanya hivyo waziwazi namna ile. Kwa walioko Taita Taveta, kilima cha Murka kilichimbwa kwa ajili yake.

Hatua ya 7: weka kwenye kundi la hali

Ngazi ya Barrow ilikuwa ya tope, sasa ya basalti tunafanyaje? Mjiolojia Pentti Eskola wa Finland alitoa jibu 1915. Alisema miamba yenye viambato sawa iliyopitia joto na mgandamizo sawa itakuwa na madini sawa, basi ipange kwa hali iliyopitia, na mwamba wa aina ya basalti ndo ukawa kipimo. Makundi yanaitwa fesi.

Kijani yenye kloraiti na epidoti: fesi ya shisti kijani, nyuzi 300 mpaka 500 hivi. Geita iko humu.

Honiblendi nyeusi: fesi ya amfibolaiti, 500 mpaka 700.

Piroksini (madini ya vijiti vifupi, kijani iliyokolea au kahawia) na ganeti, maji yamekwisha: fesi ya granulaiti, 700 na zaidi. Pare, Usambara, Uluguru.

Ganeti nyekundu ndani ya piroksini ya kijani, hakuna felspa kabisa: ekilojaiti, mgandamizo mkubwa mno. Na kabla ya hapo, kwenye bamba linalozama bado baridi, kuna shisti ya bluu.

Makundi mengine ya joto dogo yapo ila kwa nyundo na lensi hutayatofautisha, hayo waachie maabara.

Kuna mawe yanayokataa kupangwa haraka. Kilima cha Mautia karibu na Kongwa, Dodoma, kina shisti nyeupe ya taliki na kayanaiti na madini ya zambarau yanayoitwa yoderaiti, yaliyoelezwa mara ya kwanza kutoka hapo 1959. Ukikutana na kitu kisichoingia popote, usikilazimishe.

Hatua ya 8: sasa andika jina

Jina lina sehemu mbili, umbile na madini. Anza na umbile (shisti, naisi, marumaru), afu madini kuanzia yaliyo mengi, ya kidogo yafuate na "yenye". Kwa hiyo shisti ya ulanga yenye ganeti. Naisi ya honiblendi na biotaiti. Marumaru yenye kinywe. Usijaze madini sita, matatu yanatosha.

Tufanye moja mpaka mwisho. Jiwe limevunjwa kando ya barabara ya mlimani Uluguru. Uso mpya, mistari myeupe na myeusi, haipasuki bapa: naisi. Kwa lensi, weusi ni vijiti vifupi vya piroksini ya kijani iliyokolea na kahawia, hakuna magamba ya ulanga, kuna ganeti nyekundu ukubwa wa punje ya mtama. Asidi haifanyi kitu. Weupe ni felspa, kwatzi kidogo sana. Viambato ni vya basalti au jamii yake, kwa hiyo mwamba wa mwanzo ulikuwa moto na sio tope, ngazi ya Barrow haihusiki. Piroksini na ganeti bila ulanga, fesi ya granulaiti. Jina: naisi ya piroksini yenye ganeti, daraja la granulaiti, asili mwamba moto.

Kwenye mfuko wa sampuli andika namba, sehemu kwa vipimo vya GPS, tarehe, na tabaka zinalala kuelekea wapi kwa nyuzi ngapi, maana jiwe likishatoka ukutani taarifa hiyo huipati tena. Piga picha na kalamu au nyundo pembeni ili ukubwa ujulikane. Na ukiikuta ganeti iliyozungukwa na kloraiti ya kijani pembeni, andika zote mbili, moja ya kushuka na moja ya kupanda, kwa sababu maji yaliingia tena mwamba ulipokuwa unapoa na jiwe hilo limebeba hali mbili kwa pamoja.